Kufukia au Kufuata: Hesabu ya Kiwanja Penye Mafuriko

Kiwanja cha mpira katika delta ya Mto Tana, kuanzia Garsen kuteremka Kilelengwani hadi karibu na Kipini, hukitambui kwa nyasi. Unakitambua kwa nyayo za ng'ombe. Maji ya mafuriko yakianza kuondoka, mifugo huingia kufuata malisho mapya huku ardhi ingali tope. Kwato huzama, jua huja kukausha, na ukifika wakati wa ligi za vijana kila wayo umekwisha kuwa kikombe kigumu kama chungu kilichotoka motoni. Winga anayekimbia macho yakiwa kwenye mpira hutua ndani ya kikombe hicho, na kifundo cha mguu kimeteguka. Hata hivyo ng'ombe hao hao ndio waliozifupisha nyasi bila mtu kulipwa hata shilingi. Lawama na shukrani zinakwenda zizi moja.

Tatizo la pili ni udongo wenyewe, ule mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba na kunata. Ukikauka hunywea na kupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Kwa hiyo hata ukisawazisha uwanja leo kwa kamba na jembe, baada ya msimu mmoja wa mvua umekwisha kujipanga upya unavyotaka. Kisha kuna maji yenyewe. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, pamoja na mabwawa mengine ya Mto Tana, yamepunguza mafuriko madogo ya kila mwaka. Makubwa hayakuzuilika: 1997, 2018 na mwisho wa 2023 delta iligeuka ziwa.

Uchaguzi ukikaribia, ahadi ya kuinua uwanja haikosi msemaji. Basi tupige hesabu. Chukua kiwanja cha mita 100 kwa 60, yaani mita za mraba 6,000. Kukiinua nusu mita tu kunataka kifusi mita za ujazo 3,000. Tipa la kubeba mita za ujazo 10 litakwenda safari 300, na hapo sijahesabu kwamba kifusi kikishindiliwa hupungua. Bado kuna mgongo: ili mvua isituame, katikati pawe juu na pembeni chini, sentimita 1 kwa kila mita. Kwa upana wa mita 60, hiyo ni sentimita 30 kati ya mstari wa katikati na pembeni. Ukiujenga mgongo huo kwa udongo mweusi umejisumbua, kwa kuwa utapasuka kama ardhi nyingine yote. Lazima maramu isombwe kutoka mbali, kwa barabara ambayo mafuriko hayohayo hukata.

Lakini gharama si hoja yangu kubwa. Hoja yangu iko Unguja.

Mnazi Mmoja, viwanja ambavyo vizazi vya Wazanzibari vimechezea mpira, viko kwenye shingo nyembamba iliyouunganisha Mji Mkongwe na sehemu nyingine ya kisiwa. Upande wa mashariki wa mji palikuwa na hori la bahari lililojaa na kupwa. Ndiyo maana ng'ambo yake ikaitwa Ng'ambo, na penye daraja pakaitwa Darajani. Hori lilifukiwa vipande vipande, kazi ikaendelea hadi miaka ya 1950. Ardhi iliyopatikana ikawa ya michezo, na wakati wa ukoloni Wazungu wakajitengea nafasi ya gofu, kriketi na tenisi huku wengine wakibanana kwenye kandanda.

Kwa macho, kazi ilifanikiwa: tambarare, karibu na mji, hakuna kilima cha kuchimba. Kasoro ilikuwa kimo. Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na ardhi iliyofukiwa haikuachwa juu ya kipimo hicho kwa nafasi ya kutosha. Mtaro wa maji ya mvua hutoka kwa kuteremka. Bahari ikiwa imejaa, mdomo wa mtaro uko chini ya maji na mvua haina pa kwenda. Mbaya zaidi, maji ya chumvi hurudi kwa njia ileile. Hadi leo bamvua kubwa inaweza kuleta bahari uwanjani, na chumvi ikikaa, nyasi hufa kwa mabaka. Kifusi kiliondoa hori kwenye ramani. Bonde lilibaki.

Sasa rudi delta. Ukiinua sahani moja ya ardhi katikati ya bonde bila kuupa mto njia nyingine, maji yatazunguka, yatachimba kingo, na upande wa mashamba yatapanda zaidi. Anayelipia uwanja wako ni mwenye mpunga jirani.

Njia ya wenyeji ni ya kuufuata mto. Mto wenyewe, kwa kumwaga mchanga na tope kila unapofurika, umejijengea kingo zilizoinuka kuliko mbuga za nyuma yake, na vijiji vingi vya delta vimekaa juu ya migongo hiyo. Hapo ndipo pa kuweka kiwanja. Ubaya wake ni kwamba mgongo ni mwembamba, na wahandisi wa mezani husema hautoshi.

Unatosha. Sheria ya kwanza ya kandanda inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Waaustralia wamekwenda mbali zaidi: mchezo wao wa kanuni za Australia, ulioanza Melbourne mwaka 1858 kwenye malisho ya wazi, leo huchezwa kwenye uwanja wa umbo la yai usio na kipimo kimoja, urefu mita 135 hadi 185. Walichukua uwanja waliopewa na ardhi, kisha wakaandika sheria ya kuutosheleza.

Kwa hiyo kiwanja cha mita 90 kwa 45 kilazwe sambamba na mto, kisikatize mgongo. Mifereji miwili ya jembe, mmoja kila upande, imwage upande wa mbuga. Ng'ombe wazuiwe wiki chache za tope tu, kisha waachiwe wakate nyasi. Magoli yawe ya kung'oka, mita 7.32 kwa 2.44 kama kawaida, yabebwe mabegani maji yakitangazwa Garsen. Mistari ni ya majivu; kila baada ya mafuriko huchorwa upya, na ikibidi husogezwa hatua kadhaa mahali mto ulipokula ukingo.