Shukrani kwa Njia ya Van Fleet

Katika jimbo la Florida, huko Marekani, iko njia ya waendao kwa miguu istahiliyo kusifiwa, nayo ni ile ya Van Fleet, ambayo kwa urefu wa kilomita 47 hivi, kutoka Polk City hata Mabel, yapita kati ya vinamasi na misitu ya Green Swamp, juu ya tuta lililojengwa zamani kwa ajili ya reli. Kwa kuwa gari la moshi halipendi mlima wala kona, wahandisi waliinyosha njia na kuisawazisha ardhi. Na leo, reli na mataruma yakiisha kung'olewa na lami kutandazwa, taabu yao imekuwa neema kwa mzee mwenye mkongojo, kwa mtoto, na kwa aendaye kwa kiti cha magurudumu. Kandoni husimama misaipresi miguu majini, na kobe wa mchangani huvuka lami taratibu. Katika vinamasi hivyo ndimo ianziamo mito ya Withlacoochee, Hillsborough na Peace. Basi wahifadhi wafyekao vichaka na kuilinda njia hii wastahili shukrani zetu, kwani wametuonyesha kuwa kilichokwisha kazi yake ya kwanza chaweza kupewa ya pili iliyo bora.