Kunasa Pumzi ya Anayehema

Mgonjwa anapofikishwa hospitali akihema, daktari ana dakika chache za kuamua. Pumu imembana? Ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa kuziba njia za hewa, umemzidia? Ni nimonia, au moyo umeshindwa kusukuma damu? Kwa kumtazama tu, dalili zinafanana mno, na wazee wengi wana zaidi ya ugonjwa mmoja.

Watafiti wa Leicester, Uingereza, waliamua kutafuta jibu katika hewa anayoitoa mgonjwa. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling alionyesha kuwa pumzi ya binadamu ina kemikali zipatazo 250. Kazi ilikuwa kuinasa.

Huwezi kumwambia mtu anayepigania hewa apulize kwa nguvu kwenye mrija. Kwa hiyo walitumia kifaa kiitwacho ReCIVA: barakoa inayomwacha mgonjwa apumue kama kawaida, huku vihisi vya mgandamizo vikifuatilia kila pumzi na pampu ikivuta ile sehemu inayotakiwa tu. Hewa hiyo hupitishwa kwenye vijirija vyembamba vyenye chembechembe zinazonasa mvuke. Jambo jingine, dogo kwa sura lakini zito: barakoa inalishwa hewa iliyochujwa. Wodi inanuka spiriti na sabuni, na bila kichujio mashine ingepima usafi wa sakafu badala ya mapafu.

Maabarani, vijirija vilipashwa moto, kemikali zikaachia, zikatenganishwa mara mbili mfululizo, kisha kila moja ikatambuliwa kwa uzito wa vipande vyake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science Translational Medicine. Washiriki walikuwa 277, wagonjwa pamoja na watu wenye afya wa rika lao. Watafiti hawakutegemea kemikali moja. Walijumlisha 101 ili kupata alama iliyotenganisha wagonjwa na wazima kwa usahihi wa asilimia 80 au zaidi, hata ilipojaribiwa kwa kundi la pili. Alama hiyo ilihusiana pia na vifo katika miaka miwili iliyofuata.

Kutenganisha mgonjwa na mzima, hata hivyo, ni kazi ambayo muuguzi wa mapokezi anaifanya kwa macho. Kinachosisimua zaidi ni tofauti za ndani: kwenye pumu iliyopanda, kundi la aldehaidi lilipungua, na moyo ulioshindwa ulijaza pumzi haidrokaboni nyepesi. Lakini kipimo hiki bado kinahitaji maabara kubwa, mitambo ghali na wataalamu wa takwimu, wakati mgonjwa anasubiri kitandani.