Tabla Ndani ya Kompyuta

Katika tabla, jozi ya ngoma za Kihindi, ile ya mkono wa kulia, ndogo ya mbao iitwayo dayan, ina doa jeusi katikati ya ngozi. Asiyeijua hudhani ni pambo. Doa hilo, syahi, ni uji wa wanga uliochanganywa na unga wa chuma, na fundi hulipaka tabaka juu ya tabaka, nyembamba, kila moja akiisugua kwa jiwe hadi ikauke na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Nyufa hizo zinatakiwa. Bila hizo syahi ingekuwa gamba gumu na ngozi isingetikisika.

Ngoma ya kawaida ikipigwa hutoa sauti nyingi kwa mpigo mmoja, na sauti hizo hazipatani. Ndiyo maana tunasikia kishindo tu. C. V. Raman, mwanafizikia wa India aliyetunukiwa Nobel mwaka 1930, alikuwa ameandika na mwenzake katika jarida la Nature, miaka 10 kabla ya tuzo hiyo, kwamba uzito wa lile doa huzipanga sauti za juu zifuatane na sauti ya msingi kama zinavyofuatana kwenye uzi wa zeze au gitaa. Kwa maneno mengine, tabla huimba. Ina noti yake, na mpigaji huitafuta kwa nyundo ndogo kabla ya onyesho, akigonga ukingo wa ngozi na vile vipande vya mbao vilivyopachikwa chini ya kamba.

Hapo ndipo kazi ya prodyuza wa muziki wa filamu inapoanza, au inapoharibikia. Siku hizi wengi hawana mpigaji chumbani. Wana sampuli: mapigo yaliyorekodiwa moja moja, yakapangwa kwenye programu kama Kontakt, yakasubiri kidole kwenye kinanda. Wapo waliojikita hapo kabisa, mfano Swar Systems, wanaotengeneza ala za Kihindi za kompyuta. Anayefungua programu hizo kwa mara ya kwanza hubonyeza kitufe, akasikia pigo safi liitwalo "na", linalolia kama kengele, akadhani kazi imekwisha. Kumbe muziki wake uko kwenye D na dayan iliyorekodiwa iko kwenye C sharp. Vinanda vinaingia, na kitu kinakwaruza sikio bila yeye kujua ni nini. Akiipandisha sampuli kwa mashine, nusu sauti itapita; akiipandisha sana, mbao inageuka bati. Kwa hiyo wanaorekodi kwa makini hurekodi dayan kadhaa za ukubwa tofauti, na mtumiaji mwenye sikio huchagua iliyo karibu na wimbo wake kabla hajagusa kitu kingine.

Ninaowavulia kofia ni wale wanaotamka kwanza. Tabla hufundishwa kwa mdomo: kila pigo lina silabi yake, na mwanafunzi huisema midundo kabla ya kuipiga. "Na" ni kidole cha shahada kwenye ukingo, huku kidole cha pete kikigusa ngozi kidogo tu ili kuinyamazisha sauti ya msingi na kuziacha za juu ziwike. "Ge" ni ya bayan, ngoma nene ya chuma ya mkono wa kushoto. Zikipigwa pamoja, hizo mbili ni "dha". Sasa chukua "tirakita". Masikioni ni mapigo manne makavu yanayokimbia. Vidoleni, kwa mitindo mingi, la kwanza hupigwa kwa kidole cha kati na jirani yake, la pili kwa cha shahada, la tatu ni kiganja cha kushoto kilicholala kwenye bayan, na la nne hurudi kwenye vidole vya mwanzo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, ukiligawa kila pigo mara nne, ni mapigo manane kwa sekunde moja. Prodyuza mvivu hutumia sampuli moja mara nne, na kinachotoka ni bunduki. Aliyewahi kuitamka "tirakita" kwa ulimi wake anajua kwamba ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, na ya tatu inatoka chombo kingine kabisa. Basi huchagua sampuli nne tofauti, na nguvu zake, ambazo kwenye MIDI, lugha ya kinanda na kompyuta, huhesabiwa hadi 127, huzipandisha na kuzishusha kwa mkono. Programu nzuri humsaidia: pigo lilelile limerekodiwa mara nyingi, na kompyuta huyacheza kwa zamu, hivyo hakuna mawili yanayofuatana yaliyo pacha.

Mkono wa kushoto ndio mtihani. Kwenye bayan vidole hupiga, kisha sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo huikandamiza ngozi na kuteleza, na sauti nzito hupanda kama mtu anayeuliza swali. Kinanda kina gurudumu la kupandisha sauti, na mwanzoni unaona hilo latosha. Halitoshi. Gurudumu hupandisha kila kitu kwa pamoja, lakini ngozi inayokandamizwa hubadilika na rangi yake pia. Ndiyo maana watengenezaji wazuri hurekodi mitelezo yenyewe: mifupi, mirefu, ya kupanda, ya kushuka. Tatizo jipya likazaliwa, kwani mtelezo uliorekodiwa una urefu wake, nao haujui pigo lijalo litaangukia wapi. Nimesikia kazi ambazo prodyuza amechagua mtelezo baada ya mtelezo, kila mmoja ukifika kileleni milisekunde chache tu kabla ya "dha" inayofuata. Hakuna mtazamaji atakayeliona hilo. Atasema tu kwamba tukio lile lilimbana kifua.

Dhol, ngoma ya Punjab, ni habari nyingine, nayo haina aibu. Hupigwa kwa fimbo mbili, nene iliyopinda upande wa besi na nyembamba upande mkali, na trela za filamu za mapigano zinaipenda kupita kiasi. Nitakuwa mkali hapa: kuinakili sampuli moja ya dhol mara kumi hakuleti wapigaji kumi. Kunaleta mpigaji mmoja mwenye kelele. Kundi husikika kundi kwa sababu watu wake hawafiki pamoja.

Sisi wa Pwani tuna sikio la mambo haya kuliko tunavyojisifu. Filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema Mombasa na Unguja, na taarabu ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, iliziazima tuni zake waziwazi. Shabiki wake hahitaji kufundishwa kwamba bayan inaongea.

Kwenye filamu, ufundi mkubwa ni kujua pa kunyamaza. Mzunguko wa tintal una mapigo 16, na kwenye la 9 ule uzito wa kushoto hupumzika, kisha hurudi kabla duara halijafunga. Ningekuwa na mazungumzo ya waigizaji, ningeyaweka hapo. Anayebandika tabla mwanzo hadi mwisho bila pengo hilo amechukua sauti akaacha muziki. Na ghatam, chungu cha udongo cha Kusini mwa India, kikiguswa kwa ncha za vidole chini ya nyuzi zilizoshikilia noti moja, huleta wasiwasi ambao dhol mia moja haziwezi.

Kipimo cha yote haya kiko kwenye filamu ya Monkey Man ya mwaka 2024. Zakir Hussain, mwana wa mpiga tabla Alla Rakha, anapiga tabla huku mhusika wa Dev Patel akichapa ngumi. Tabla inamwongoza, halafu inamjibu, halafu inamchokoza. Desemba ya mwaka huohuo Hussain alifariki akiwa na umri wa miaka 73. Majibizano yale hayawezi kujengwa kwa sampuli, kwa sababu sampuli haimtazami mtu.

Wenye busara wanalijua hilo, na bajeti yao hufuata. Dhol za nyuma, kishindo cha mbali, ghatam ya wasiwasi: hizo hubaki za kompyuta, na hakuna hasara. Kwa tabla ya mbele, ile inayosikika peke yake kwa nusu dakika wakati kamera iko usoni pa mwigizaji, humpigia simu mpigaji halisi, wakamtumia rasimu ya sampuli aisikilize usiku kucha. Mara nyingi, asubuhi yake, mabadiliko ya kwanza anayoyafanya ni ya mkono wa kushoto.