Sayari au Doa?

Nyota kuyumba si ushahidi tosha wa sayari. Kweli, Michel Mayor na Didier Queloz waliipata 51 Pegasi b mwaka 1995 kwa kupima jinsi nyota inavyovutwa, ikatujia kidogo kisha ikarudi nyuma. Lakini doa jeusi linalozunguka pamoja na uso wa nyota huharibu umbo la mistari ya mwanga, na chombo kikasoma kana kwamba nyota imesogea.

Kwa hiyo kabla ya kuisifu sayari, uliza nyota yenyewe hujizungusha kwa siku ngapi. Gliese 581 d ilipambwa sana kuwa huenda ina maji, na mwaka wake ulitajwa kuwa siku 66. Nyota yake hujizungusha kwa siku 130 hivi. Karibu nusu! Mwaka 2014 Paul Robertson na wenzake walipoondoa athari za uso wa nyota, sayari ikayeyuka nayo. Kapteyn b, ya siku 48, ilishukiwa vivyo hivyo: nyota yake huchukua siku 143, yaani mara tatu. Hapa ndipo wengi huteleza, maana hulinganisha na mzunguko mzima tu. Madoa yakikaa pande mbili za nyota hutoa mdundo wa nusu.

Kisha tazama rangi. Sayari huivuta nyota sawasawa katika kila rangi. Doa haliwezi, kwa kuwa hufifia kwenye mwanga wa infraredi. Sayari ya nyota TW Hydrae iliyotangazwa 2008 iliangushwa mwaka huohuo kwa kipimo hicho.

Alpha Centauri Bb, sayari nyingine iliyodaiwa, ilikuwa tapeli wa aina nyingine. Mtikisiko wake wa sentimita 51 kwa sekunde ulizaliwa na ratiba ya upimaji: data bandia zisizo na sayari, zikipangwa kwa tarehe zilezile, zilitoa mdundo uleule wa siku 3.24.

Proxima b naikubali. Siku 11.2 haziendani na mzunguko wa nyota, unaozidi siku 80, na chombo kingine, ESPRESSO, kiliikuta palepale.

Dunia yetu hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, ilhali uso wa Jua huchemka kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Ukisoma tangazo la “Dunia ya pili” lisilotaja mzunguko wa nyota yake, usilipokee bado.