Kikwamizo au Kikwaruzo? Uhakiki wa Istilahi za Konsonanti

Istilahi nzuri humwonyesha msomaji kitendo chenyewe. Kwa kipimo hicho, baadhi ya majina ya konsonanti yanastahili kuhakikiwa. Ingawa TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, katika vitabu vya fonetiki twakuta sauti f, s na z zikiitwa kwa majina manne: vikwamizo, vikwamizi, vikwamizwa na vikwaruzo.

Tuchukue jina la Mzinga, kata iliyoko Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Katika kulitamka, kinywa hufanya kazi mahali patatu. Kwa m, midomo hufungana na hewa hupitia puani. Kwa z, ulimi huukaribia ufizi bila kuuziba. Hewa hupenya kwa msukosuko, na nyuzi za sauti hutetema. Kwa ng, shina la ulimi hugusa kaakaa laini. Hewa hutangulia kupita puani, kisha mgusano huachiwa na g husikika. Ndiyo sababu ng hii si ile ya ng'ombe, ambayo ni nazali tupu.

Je, hewa imekwama katika z? La. Mtu aweza kuivuta z mpaka pumzi imwishie. Gari lililokwama topeni haliendi. Hewa ya z yaenda, ila kwa shida, kama nyuki wanaosongamana kwenye tundu la mzinga. Hewa hukwama hasa katika p, t na k, ambazo twaziita vipasuo kwa kutazama mwisho wake, yaani kuachiwa kwa ghafla. Mwanafunzi anayefuata maana ya kawaida ya neno ataziita hizo vikwamizo, naye atahesabiwa kosa lisilo lake.

Viishio navyo vyatatanisha: -i hutaja mtenda, -o chombo au tokeo, -wa mtendwa. Sauti ndiyo inayokwamiza, au ndiyo inayokwamizwa?

Kwa maoni yetu, kikwaruzo ni bora, kwani kukwaruza ni kupita kwa kusugua, na huo ndio mwendo wa hewa. Hatukatai kwamba kikwamizo kimeenea, na kung'oa istilahi iliyozoeleka si kazi nyepesi. Hata hivyo, mfasiri na mwalimu wasichanganye majina mawili katika andiko moja. Na atakayechagua kikwamizo hana budi kueleza kwamba hewa hubanwa tu, haizuiwi kabisa.