Nywele za Kinjeketile: Mganga au Mkulima?

Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, hakudai kwamba anarudisha jukwaani mtu yule yule wa historia. Alieleza wazi kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, ingawa matendo ya hao wawili yanafanana. Kiongozi wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa bado vichanga. Mhusika wa Hussein anabakizwa hai hadi vita vimekwisha kula watu. Wahakiki wameijadili sana tofauti hiyo kwa upande wa maudhui na lugha. Lakini tamthilia huonyeshwa, na inapoonyeshwa kuna mtu mmoja anayeweza kuifuta tofauti hiyo kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Mtu huyo ni msusi.

Mazoea yanafahamika. Kikundi kikiamua kuigiza tamthilia ya wakati wa ukoloni, mhusika mwenye nguvu za kiroho hupewa nywele bandia za katani zilizotimka, na juu yake manyoya au majani. Hadhira hucheka au hutishika. Kwa vyovyote imekwisha kumpanga mhusika katika kundi la waganga. Kwa Kinjeketile kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kiini cha tamthilia ni shaka: mtu ametamka neno, neno limemponyoka, watu wamelishika, naye haamini tena kama lilikuwa lake. Mganga wa katani hawezi kuona shaka. Anaweza kudanganya tu au kudanganyika. Na hayo ndiyo maelezo ya watawala wenyewe. Gavana von Götzen (ndiye yule aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894, kabla ya kupewa ugavana) aliwatwika waganga sehemu kubwa ya lawama ya vita, na kuyapunguzia uzito mashamba ya pamba ya shuruti. Msusi asiyefikiri humrudishia gavana hoja yake.

Basi Kinjeketile awe na nywele gani? Jibu linalokubaliana na matini ni nywele za mkulima: fupi, zisizo na mafuta, zilizokatwa na jirani kwa wembe usio mkali, hapa zimebaki, pale zimeisha. Anapoanza kujifungia ndani, ziachwe ziote kidogo, kama za mtu yeyote aliyeacha kujitazama. Tena kuna jambo dogo la ufundi ambalo husahauliwa. Masimulizi ya Maji Maji husema kwamba aliyezama mtoni alitoka mkavu. Nywele zilizopakwa mafuta hung'aa chini ya taa, na kwa mtazamaji wa viti vya nyuma kung'aa ni kulowa. Muujiza wote unaharibiwa na kijiko kimoja cha mafuta.

Kwa wanawake hoja ni ile ile, ila ina utajiri zaidi. Bi. Kitunda na Bi. Kinjeketile ni wake wa nyumba zenye njaa, ambazo nguvu zake zimepelekwa kwenye shamba la Bwana. Kusuka kunataka mikono ya mtu wa pili, mafuta, na mchana mtulivu. Wanawake hao wakitokea na misuko mipya, iliyonyooka kama ya siku ya arusi, maneno yao ya dhiki hayatasadikika. Misuko ya majuma mengi, iliyofumuka kwenye paji la uso, ingesema habari za shamba lile kuliko mazungumzo marefu. Mnyapara naye hahitaji kusukwa: kichwa kilichonyolewa vizuri kinatosha kuonyesha nani ana nafasi ya kukaa kitako akinyolewa.

Linabaki suala la makabila, ambalo ni gumu. Wamatumbi, Wangindo na wenzao wanadharauliana kabla ya kuunganishwa na maji. Hadhira ya Lubumbashi, ambayo haitambui lafudhi zao katika Kiswahili sanifu cha Hussein, ingesaidiwa ikiona vichwa vinavyotofautiana. Lakini mtindo wa kabila hugeuka haraka kuwa lebo. Ndivyo kichwa cha mwanamke wa Kimangbetu kilivyochapwa kwenye stempu za Kongo ya Kibelgiji, uzuri ukabaki na mtu akatoweka. Hata picha alizopiga Karl Weule mwaka 1906 katika nchi ya Lindi, vita vikiwa bado havijaisha, zisinakiliwe ovyo: nyingi ni za Wayao, Wamakua na Wamakonde, na zilipigwa kwa jicho la mtu wa makumbusho. Tofauti ndogo zinatosha, mstari wa wembe hapa, kishungi pale, mradi kila kichwa kiwe kwanza cha mtu mwenye hasira au woga wake.

Mwishoni Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Waongozaji wengine wangependa hapo awe na ndevu na nywele ndefu za nabii. Afadhali aletwe amenyolewa, kwa mkono wa askari, vibaya, kama mfungwa yeyote katika mnyororo. Neno analokataa kulikana halimo tena kichwani mwake. Limo vichwani mwa walio nje.