Wati za Prosesa

Core i5-6500 ni prosesa ya 2015, na leo utaikuta ndani ya kompyuta nyingi za mitumba zile zinazoitwa ex-UK. Intel waliiandikia wati 65. Wanunuzi wengi huisoma namba hiyo kama ulaji wa stima, kumbe ni joto ambalo feni na bati lake vinatakiwa kuliondoa kazi inapokuwa nzito. Prosesa hiyohiyo ikikaa bila kazi hula wati chache mno. Anayetaka kujua inakula kiasi gani hana budi kupima, na hapa Voi nimemwona fundi anayeifanya kazi hiyo kwa namna inayonifanya nisahau kilichonipeleka dukani kwake.

Huanzia kwenye mita ya stima. Huzima kila kitu dukani isipokuwa kompyuta, kisha huitazama ile taa nyekundu inayomweka. Mita ikiwa imeandikwa mimweko 1,000 kwa uniti, kila mmweko ni wati-saa moja. Ukipita kila baada ya sekunde 45, mashine inavuta wati 80. Hahesabu mmweko mmoja akaridhika. Huacha mingi ipite, kisha hugawanya. Wala hazidishi volti 240 kwa ampea za ukutani, kwa kuwa pawa saplai za zamani huvuta mkondo kwa mikupuo, na hesabu hiyo ingemtilia wati ambazo tokeni haikuzilipia.

Hiyo ni mashine nzima. Ili aifikie prosesa hufungua kasha na kuzitafuta nyaya za njano zinazoingia kwenye mothabodi kandokando ya prosesa. Ndizo zinazoilisha kwa volti 12. Huzikumbatia kwa mita ya taya, na hapo ndipo ustadi ulipo. Mita ya taya waliyo nayo mafundi wengi wa nyumba haifai, maana husoma stima ya ukutani tu, na stima ya nyaya hizi ni ya aina ya betri. Ukizibana nyaya za njano pamoja na nyeusi, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, usome sifuri. Hata sumaku ya feni iliyo jirani huweza kuipotosha taya, kwa hiyo huirudisha mita kwenye sifuri palepale itakapofanyia kazi. Volti nazo huzipima kwenye plagi yenyewe. Haziamini 12 za kwenye karatasi.

Kisha huipa prosesa mzigo, na kusubiri. Namba ya dakika ya kwanza haiandiki.

Tuseme ampea zimepanda kutoka 0.5 hadi 4.5. Ongezeko ni wati 48, na ukutani limeonekana la 60. Pawa saplai inayofikisha asilimia 85 ingetoa 51 kati ya hizo 60. Tatu zilizobaki zimeenda kwa feni na memori. Prosesa za Intel tangu 2011 zina daftari lao la ndani la nishati, ambalo programu huweza kulisoma. Likisema 47 wakati waya unasema 54, yaani zile ampea 4.5 kwa volti 12, fundi hashtuki: saba zimepotea njiani, kwenye vipande vya mothabodi vinavyozishusha volti 12 hadi zaidi kidogo ya moja. Mimi ningetosheka na kipimo kimoja. Yeye hatosheki mpaka vyote vitatu vioane na kila wati ijulikane ilikokwenda.

Kando ya wati huandika joto la chumba. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Lakini prosesa ikipata moto huvujisha mkondo zaidi, na mapezi ya bati lake yakiziba kwa vumbi jekundu, lilelile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, hupata moto upesi. Mashine iliyopimwa Voi mchana wa Februari, ikipandishwa Wundanyi kwenye baridi ya vilima, itakula pungufu kwa kazi ileile. Anayenunua betri za sola kwa ajili ya darasa lisilofikiwa na nyaya za stima anahitaji namba ya mahali zitakapofungwa, na fundi humuuliza ni wapi kabla hajaigusa mita.